Bonsai ya Msonobari Kuanzia Mbegu: Mizizi na Shina Kwanza

Mtu anayenunua bonsai ya msonobari, yaani msonobari uliokuzwa uwe mdogo chunguni wenye sura ya mti mzee, ikiwa imekwisha kukomaa, hununua pamoja nayo maamuzi ambayo mtu mwingine aliyafanya miaka mingi iliyopita kuhusu mizizi na sehemu ya chini ya shina. Matawi yanaweza kupangwa upya hata mti ukiwa na miaka 30, na kilele kinaweza kukatwa na kujengwa kingine. Lakini mzizi mmoja mnene uliotokeza upande mmoja tu, au shina lililopanda wima kwa sentimita 10 za kwanza bila mkunjo wala tawi, ni kasoro ambazo kwa kawaida mti huzeeka nazo. Kuanzia mbegu kunampa mkuzaji uwezo wa kuamua sehemu hizo tangu mwanzo, na karibu kila kinachoziamua hufanyika katika miaka mitatu ya kwanza. Kwa hiyo mwongozo huu unakaa zaidi kwenye miaka hiyo, na unayagusa yanayofuata kwa kadiri yanavyohitajika ili kazi ya mwanzo isiharibike.

Muda unaohitajika ni mrefu, na ni vizuri kuujua mapema. Bonsai ndogo ya msonobari, yenye kimo kisichozidi sentimita 20, huchukua takriban miaka 7 hadi 10 tangu mbegu mpaka iwe na sura ya mti mzee. Iliyo kubwa zaidi huchukua miaka 20 na kuendelea. Huko Takamatsu, katika mkoa wa Kagawa nchini Japani, ambako misonobari ya bonsai imekuzwa kwa zaidi ya miaka 200, miti mingi huachwa shambani kwa miaka kadhaa ili inenepe kabla ya kuingizwa kwenye chungu. Mwenye kuanza na mbegu aoteshe nyingi kuliko anazohitaji, kwa sababu baadhi hazitaota, baadhi zitakufa changa, na kati ya zitakazobaki ni chache zitakazokuwa na umbo la kuvutia.

Kuchagua aina

Msonobari haustahimili kuishi ndani ya nyumba. Unahitaji jua la moja kwa moja kwa saa 6 au zaidi kwa siku, upepo, na tofauti ya joto kati ya mchana na usiku, kwa hiyo aina utakayoichagua lazima iweze kuishi nje, mahali ulipo, mwaka mzima.

Kwa anayejifunza, napendekeza msonobari mweusi wa Japani, Pinus thunbergii, popote unapoweza kukua. Ni mti wenye nguvu, unavumilia joto, gome lake hupasuka na kuwa nene ungali kijana, na una sifa moja ambayo si misonobari yote inayo: ukikatwa chipukizi la mwaka huo mwanzoni mwa kiangazi, hutoa machipukizi mengine mafupi kabla msimu haujaisha. Msonobari mwekundu wa Japani, Pinus densiflora, una tabia hiyo hiyo ingawa ni laini kidogo. Pinus parviflora, wenye sindano (majani membamba ya msonobari) tano katika kila kifungu, ni mzuri sana lakini mbegu zake ni za pole, hukua taratibu, na ndiyo maana miti mingi ya aina hiyo inayouzwa imepandikizwa kwenye mizizi ya msonobari mweusi. Penye baridi kali hufaa Pinus sylvestris na Pinus mugo. Penye joto na ukavu, pasipo baridi ya kugandisha, Pinus halepensis hufanya vizuri. Pinus patula, unaopandwa sana katika misitu ya mbao ya nchi za joto, huota kwa urahisi na gharama yake ni ndogo, ila sindano zake ni ndefu na zinaning'inia, jambo linaloufanya usipendeze kwenye mti mdogo. Unafaa kwa kujifunzia kazi ya mizizi na ya waya, na kwa bonsai kubwa, zaidi ya hapo sishauri.

Kuziamsha mbegu

Koni za msonobari hukomaa mwaka wa pili baada ya kuchavushwa. Zichume zikiwa zimegeuka rangi ya kahawia lakini bado zimefumba, uzianike mahali penye joto na kivuli hadi magamba yafunguke, kisha uzigonge mbegu zidondoke na uondoe ubawa wake mwembamba kwa kusugua taratibu kati ya vidole. Ukinunua, uliza mbegu zilivunwa mwaka gani na zimehifadhiwa vipi. Mbegu kavu iliyofungwa vizuri na kuwekwa kwenye ubaridi hudumu miaka kadhaa, ilhali iliyokaa kwenye rafu yenye joto hupoteza uhai upesi.

Loweka mbegu kwenye maji ya uvuguvugu kwa saa 24. Zitakazozama zina kiini. Zinazoelea hata baada ya muda huo kwa kawaida ni maganda matupu, na unaweza kuzitupa, au kuzipanda kando kama mbegu ni chache.

Katika makazi yake ya asili, mbegu ya msonobari wa nchi za baridi huanguka kabla ya majira ya baridi na kulala kwenye unyevu hadi joto lirudi. Hali hiyo lazima uitengeneze mwenyewe. Changanya mbegu na mchanga wa chembe kubwa kiasi, uliooshwa na ukawa na unyevu usiotiririka ukiufinya, uuweke mchanganyiko kwenye mfuko wa plastiki ulioachiwa nafasi ndogo ya hewa, kisha uuweke kwenye jokofu, si kwenye friza, kwa nyuzi 3 hadi 5 za Selsiasi. Msonobari mweusi unahitaji siku 30 hadi 60. Pinus parviflora unahitaji siku 90 au hata zaidi. Pinus halepensis na Pinus patula zinaweza kupandwa mara tu baada ya kulowekwa. Fungua mfuko kila wiki. Ukiona ukungu, suuza mbegu, badilisha mchanga na urudishe. Ukiona ncha nyeupe ya mzizi imechungulia, usingoje tarehe uliyoipanga. Panda siku hiyo.

Kupanda

Wakati mzuri ni mwishoni mwa majira ya baridi au mwanzoni mwa majira ya kuchipua, ili mche upate msimu mzima wa kukua. Penye joto la mwaka mzima, epuka wakati wa mvua kubwa mfululizo na wakati wa jua kali zaidi.

Tumia trei yenye kina cha sentimita 8 hadi 10 na matundu mengi chini. Jaza mchanga wa chembe kubwa au changarawe laini ya volkano yenye chembe za milimita 2 hadi 3, iliyochekechwa ili vumbi lote litoke. Usitie samadi wala mboji. Katika hatua hii mbegu inajitegemea kwa chakula chake yenyewe, na mboji kazi yake hapa ni kulisha kuvu tu. Mwagia mchanga maji yanayochemka, uuache upoe kabisa, kisha ulaze mbegu kwa umbali wa sentimita 3 na uzifunike kwa unene wa milimita 5 hadi 10. Mwagilia kwa kopo lenye matundu madogo, kwa sababu mkondo wa maji huzifukua. Joto la nyuzi 18 hadi 24 linatosha, na mbegu zilizoandaliwa vizuri huanza kutokeza baada ya wiki 2 hadi 4.

Kinachoonekana kwanza ni kishina kilichojikunja, chenye wekundu wa zambarau, kikiinua mchanga. Baada ya siku chache hunyooka na kubeba ganda la mbegu juu kama kofia iliyobana ncha za majani ya kwanza, ambayo yanaweza kuwa matano hadi kumi. Usilivute ganda hilo. Majani yaliyo ndani bado yananyonya akiba iliyomo, na ukilichomoa kwa nguvu utavunja kitovu cha mche, yaani ncha yake ya kukua. Lilainishe kwa mnyunyizo wa maji asubuhi nalo litadondoka lenyewe. Hizi pia ndizo siku ambazo ndege hupita wakidonoa maganda pamoja na vichwa vya miche, hivyo funika trei kwa wavu tangu mbegu ya kwanza itokeze.

Ugonjwa unaoua miche mingi kuliko yote ni kinyausi. Mche uliokuwa mzima jioni hupatikana asubuhi umelala, shina lake likiwa jembamba na jeusi usawa wa mchanga, na huwezi kuuponya. Unachoweza ni kuwakinga wenzake: ondoa mche huo na mchanga unaouzunguka, punguza maji, ongeza upepo na mwanga. Mchanga unaopitisha maji upesi, umwagiliaji wa asubuhi badala ya jioni, na trei isiyosongamana vinazuia sehemu kubwa ya tatizo, kuliko dawa yoyote itakayopulizwa baadaye.

Kuukata mche na kuuotesha mizizi upya

Hapa ndipo ubora wa mti wa baadaye unapoamuliwa zaidi ya mahali pengine popote. Mbegu ya msonobari hutuma chini mzizi mkuu mmoja, mnyoofu, ambao msituni huukamata mti using'olewe. Katika chungu chenye kina cha vidole vitatu mzizi huo hauna kazi, na mizizi ya pembeni inayotoka juu yake hutokeza kwenye vimo tofauti, mingine upande mmoja. Bonsai nzuri huonyesha mizizi iliyotawanyika pande zote kwenye usawa mmoja, ikishika ardhi. Ili kuipata, mche hukatwa mzizi wote ungali mchanga na kulazimishwa kutoa mwingine kutoka kwenye ukingo wa jeraha.

Ngoja wiki 5 hadi 8 baada ya kuota. Dalili ni mbili, na zote ziwepo: sindano fupi za kweli zimeanza kuonekana katikati ya majani ya mbegu, na kishina kimeacha kuwa laini na chenye maji, kimekuwa kigumu kidogo ukikigusa. Ukiwahi, mche utaoza. Ukichelewa, shina litakuwa limeshakuwa gumu kama mti na litatoa mizizi kwa shida.

Andaa kwanza kitanda chake kipya, yaani trei nyingine yenye changarawe safi iliyoloweshwa, na utoboe vishimo kwa kijiti, kwa sababu mche uliokatwa haufai kungoja. Chagua siku ya mawingu au ufanye kazi kivulini. Ng'oa miche michache tu kwa wakati mmoja na uiweke kwenye bakuli la maji. Ulaze mmoja juu ya ubao laini, uushike majani na si shina, na kwa wembe mpya ukate mkato mmoja, mnyoofu, unaokingama sawasawa na shina, ukiacha sentimita 1 hadi 2 za kishina chini ya majani. Wembe ubonyezwe chini moja kwa moja. Ukiuburuta, utachana ngozi upande mmoja na mizizi itatoka upande mwingine tu. Na mkato wa mshazari nao utaleta kosa hilo hilo, kwa sababu mizizi itajaa kwenye ncha ya chini ya mshazari. Tazama uso wa jeraha: lazima uwe duara safi, wenye mzingo wa kijani na kiini cheupe, bila nyuzi zinazoning'inia. Kama si hivyo, kata tena milimita moja juu.

Chovya jeraha kwenye homoni ya kuotesha mizizi, ya unga au ya maji, ukikung'uta unga uliozidi. Shusha mche kwenye kishimo bila kuukwaruza, uwe na kina cha kutosha kusimama, kisha ubane changarawe kwa vidole viwili na umwagilie kwa mnyunyizo. Funika trei kwa plastiki angavu isiyogusa miche, uiweke penye mwanga mwingi lakini pasipofikiwa na jua la moja kwa moja, na uifunue dakika chache kila siku ili hewa ibadilike. Mizizi huchukua wiki 4 hadi 8. Miche mingine itanyauka, hilo ni la kawaida. Iliyobaki na kuanza kurefusha kitovu chake imeshapata mizizi. Usiivute kuhakikisha. Baada ya hapo izoeshe jua kidogo kidogo kwa wiki mbili.

Anayeona kazi hii ni nzito anaweza kuuacha mzizi mkuu hadi mwisho wa mwaka wa kwanza, kisha akaukata wakati wa kuhamisha, akabakisha mizizi ya pembeni na kuitandaza. Ni njia halali na hupoteza miche michache, lakini mpangilio wa mizizi mara nyingi haulingani na wa miche iliyokatwa mapema, na mimi huichagua tu pale mbegu zinapokuwa chache mno kuhatarishwa.

Chungu cha malezi, udongo na kuvu

Acha miche ikae kwenye trei hadi majira ya kuchipua yanayofuata. Macho ya kitovu, yaani machipukizi yaliyofumba bado, yanapoanza kuvimba, hamisha kila mmoja kwenye chombo chake. Usichague chungu kizuri bado. Kikapu cha plastiki chenye matundu pande zote, cha aina inayotumika kuchujia mboga, chenye upana wa sentimita 12 hadi 15, kinafaa zaidi: ncha ya mzizi ikifika kwenye tundu hukutana na hewa kavu, hukoma kurefuka, na mzizi hutoa matawi huko nyuma, hivyo kikapu hujaa mizizi myembamba mingi badala ya michache minene inayozunguka ukutani.

Udongo wa msonobari ni wa chembe, usio na vumbi. Changarawe ya volkano, mawe mepesi yanayoelea majini, udongo wa punje wa Kijapani uitwao akadama, au hata matofali ya kuchoma yaliyopondwa, vyote vinafaa vikichekechwa kupata chembe za milimita 3 hadi 6. Unaweza kuongeza sehemu moja kati ya tano ya maganda ya msonobari yaliyooza nusu. Ukimwagilia, maji yasituame juu. Yapite na kutoka chini papo hapo.

Unapouhamisha mche, tandaza mizizi kwa kijiti kwenye duara, ondoa unaoelekea chini moja kwa moja na ule unaokua mnene kuliko wenzake, na usioshe udongo wote wa zamani. Huo utando mweupe wenye harufu ya uyoga utakaouona kwenye mizizi si ugonjwa. Ni kuvu zinazoishi kwa ushirika na msonobari, zikiuletea maji na madini, hasa fosforasi, nao ukizilisha sukari. Misonobari iliyopelekwa kwenye nchi zisizo na kuvu hizo ilidumaa na kuwa ya manjano mpaka ulipoletwa udongo kutoka chini ya misonobari mingine. Kwa hiyo chukua konzi ya udongo huo, au ya mchanga wa chungu cha msonobari wenye afya, uichanganye kwenye kikapu kipya cha kila mche.

Mkunjo wa kwanza

Shina la mche wa mwaka mmoja hadi miwili linapinda utakavyo. Baada ya hapo kila mwaka huongeza ukaidi wake. Kazi hii ifanywe tangu mwisho wa msimu wa kukua hadi kabla ya macho kufunguka, wakati utomvu unatembea polepole.

Tumia waya wa alumini wenye unene wa takriban theluthi moja ya unene wa shina, au mnene kidogo zaidi kwa miche laini, yaani milimita 1.5 hadi 2.5. Zamisha ncha yake ndani ya udongo karibu na shina hadi ishike chini ya kikapu, kisha uuzungushe kupanda juu kwa mwinamo wa nyuzi 45, ukigusa gome bila kulibana, na ukizipitisha sindano pembeni ya waya badala ya kuzilaza chini yake. Mkunjo wa kwanza uanze sentimita 1 hadi 2 juu ya udongo. Hilo ndilo watu wengi huliogopa na kuanzia juu zaidi, na matokeo yake ni mti unaotoka ardhini kwa mguu mnyoofu kisha ukaanza kucheza. Pinda kwa vidole gumba viwili vilivyokaribiana, waya ukiwa upande wa nje wa mkunjo, polepole, ukisikiliza. Mikunjo isilingane ukubwa wala isikae kwenye bapa moja. Mmoja uende kulia na mbele, unaofuata kushoto na nyuma, na nafasi kati yao zipungue kadiri unavyopanda. Mche wa sentimita 15 unaoonekana umepindwa kupita kiasi leo utaonekana wa wastani shina likinenepa, kwa maana unene huifuta mikunjo midogo.

Kagua waya kila mwezi wakati wa kukua. Ukianza kuzama kwenye gome, ukate kipande kwa kipande kwa koleo, usiufungue kwa kuuzungusha. Alama ndogo kwenye shina litakaloendelea kunenepa hazina madhara. Kwenye matawi yatakayobaki, hazikubaliki.

Kunenepesha shina bila kuzipoteza sindano za chini

Sheria moja inautawala msonobari kuliko miti mingi ya bonsai: kwa kawaida hauchipui tena kwenye mti mtupu. Macho mapya hutoka penye sindano, au karibu sana na zilipokuwa muda mfupi uliopita. Tawi lililokatwa nyuma ya sindano yake ya mwisho hufa, na sehemu ya shina iliyopoteza sindano zake zote haitatoa tawi tena isipokuwa kwa kupandikiza tawi jingine hapo. Basi, tangu mwaka wa pili unafanya kazi mbili zinazovutana: kuuacha mti ukue kwa nguvu juu ili shina linenepe, na kuhakikisha kwamba chini, ndani ya sentimita 5 za kwanza, kuna matawi madogo yaliyo hai na yenye kijani.

Utaratibu ni huu. Katika mwaka wa pili au wa tatu, mti unapokuwa na sindano za kifungu na unakua kwa nguvu, kata kitovu mwishoni mwa majira ya baridi juu tu ya sindano za chini zilizo hai. Machipukizi kadhaa yatatokea. Chagua moja lenye nguvu liwe kiongozi wa muda, ambalo litaachwa likimbie kwenda juu, hata mita moja na nusu, bila kukatwa. Na mawili au matatu ya chini yawe ndiyo mti wenyewe, yanayotunzwa yawe mafupi. Kiongozi huyo hatabaki. Kazi yake ni kuvuta utomvu kupitia shina na kulinenepesha, kisha ataondolewa. Kwa sababu anatia kivuli, mvue matawi ya pembeni na sindano za chini, umwachie kishada cha sindano kileleni tu. Jua likiyafikia matawi ya chini, yataishi. Yakikaa kivulini msimu mmoja mzima, huanza kudhoofika, na hapo hasara ni kubwa kuliko unene wowote uliopatikana.

Kiongozi aelekezwe upande utakaokuwa nyuma ya mti, ili kovu lisionekane mbele. Shina likifikia unene unaoutaka, mkate mwishoni mwa majira ya baridi, chonga jeraha liwe bapa au lenye kina kidogo, na ulipake dawa ya kufunikia majeraha. Kwa bonsai ndogo hilo hutokea kati ya mwaka wa 5 na wa 8. Ukitaka shina lenye kupungua unene vizuri kwenda juu, tumia viongozi wawili mmoja baada ya mwingine, wa pili akianzia juu ya wa kwanza. Shina lililonenepeshwa na kiongozi mmoja tu mara nyingi huishia ghafla.

Maji, mbolea na wadudu

Mwagilia hadi maji yatoke chini, kisha ungoje uso wa udongo uanze kukauka. Msonobari huugua kwa maji yaliyotuama kuliko kwa kiu ya siku moja, ingawa mche ulio kwenye kikapu wakati wa kiangazi unaweza kuhitaji maji mara mbili kwa siku.

Anza mbolea miche ikiwa na wiki sita hivi, kwa kipimo cha robo ya kilichoandikwa kwenye pakiti. Iliyokatwa mizizi ingoje hadi ianze kukua tena. Kuanzia mwaka wa pili lisha kwa ukarimu, msimu mzima wa kukua. Mbolea ya asili iliyokandamizwa vidonge, iliyotengenezwa kwa mashudu ya pamba au ya mbegu nyingine za mafuta, huyeyuka taratibu na ni vigumu kuunguza mizizi nayo. Mti unaonyimwa chakula katika miaka hii hauwi bonsai nzuri zaidi. Unadumaa tu, ukiwa na shina jembamba.

Vidukari na wadudu gamba huoshwa kwa maji ya sabuni. Sindano zikipauka na kuwa na vitone vidogo wakati wa joto kavu, tikisa tawi juu ya karatasi nyeupe. Vidoa vinavyotembea ni utitiri. Mistari au madoa ya kahawia kwenye sindano baada ya mvua nyingi huashiria kuvu wa majani: ondoa sindano zilizougua, zichome, na uache nafasi kati ya miti.

Kukata machipukizi na kuingia kwenye chungu

Kazi ya kufupisha sindano na kuongeza vitawi huanza tu baada ya shina kukamilika, kwa kuwa humdhoofisha mti kwa makusudi. Kwenye msonobari mweusi na mwekundu, mishumaa yote ya majira ya kuchipua, yaani machipukizi yaliyosimama wima, hukatwa kwenye kikonyo mwanzoni hadi katikati ya kiangazi, ikiwa zimebaki takriban siku 100 za kukua. Mti mdogo ukatwe baadaye kidogo kuliko mkubwa, ili machipukizi mapya yapate muda mfupi na sindano zake ziwe fupi. Machipukizi dhaifu ya chini yakatwe kwanza, yenye nguvu ya kileleni siku 7 hadi 10 baadaye, na hivyo mti husawazika. Lisha sana kabla ya kukata, ondoa mbolea siku ya kukata, na urudishe sindano mpya zikishakomaa. Msimu ukiisha, bakiza macho au machipukizi mawili kila yanapotokea, na ung'oe sindano za zamani pale zilipojazana.

Pinus parviflora, Pinus sylvestris na Pinus mugo hazikatwi hivyo. Aina hizi kwa kawaida hutoa kizazi kimoja tu cha machipukizi kwa mwaka. Hizo punguza urefu wa mshumaa kwa vidole kabla sindano hazijafunguka, ukiacha sehemu yenye sindano, na ukatwaji mwingine ungoje mwisho wa msimu.

Hamisho la kwanza kwenda kwenye chungu cha bonsai lifanywe macho yanapovimba, katika mwaka ambao hutakata machipukizi ya kiangazi. Punguza mizizi si zaidi ya theluthi moja, funga mti kwa waya kupitia matundu ya chini ili usitikisike, kwa maana ncha mpya za mizizi hukatika kwa kila msukumo wa upepo, na uuweke penye kivuli chepesi kwa wiki 3 hadi 4. Mizizi ile iliyotandazwa tangu miche ilipokatwa ndiyo itakayokuongoza kimo cha kupandia: uso wake wa juu ubaki wazi, usawa na ukingo wa chungu au juu yake kidogo.